Kikao cha Jumamosi: saa imebadilika

Habari za jioni wapendwa. Kikao chetu cha wapenzi wa vitabu kimesogezwa hadi saa 10 jioni, mahali palepale.

1. Kila mmoja alete kitabu kimoja kilichochapwa kwa herufi za risasi (vipande vya madini vinavyopakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi). Tutasoma ukurasa wa mwisho, penye namba ya nakala, na kupapasa jinsi herufi zilivyozama kwenye karatasi. Glavu hazihitajiki, mikono safi na mikavu yatosha. Kalamu za wino ziacheni nyumbani, jamani!

2. Mazungumzo: Doves Press, kiwanda cha zamani cha uchapaji vitabu cha London. Mwanzilishi wake, Cobden-Sanderson, alizitupa herufi zake za kuchapia mtoni Thames, 1916 hadi 1917, mshirika wake asizirithi. Mie bado sijamsamehe.

3. Mchango wa karatasi zisizo na asidi (zisizoharibu vitabu) ni uleule, mwisho Alhamisi.

Naomba uthibitisho leo: unakuja, na kitabu gani?