Kijani cha Ansible hakithibitishi kuwa huduma inafanya kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie jambo linalowagusa wengi wanaojifunza kusimamia seva za Linux kwa Ansible, Puppet au Salt, zana zinazosanidi seva kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa kwenye faili. Masomo ya Kiswahili kuhusu zana hizi yameanza kupatikana, na waliojitolea kuyaandika wanastahili shukrani. Tatizo ni kwamba mengi huishia mahali pamoja: andika faili la maelekezo, liendeshe, ukiona kijani, rangi ya zana kusema mambo ni sawa, funga kompyuta ukalale. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo atakuja kuamshwa usiku na huduma iliyokufa, na rekodi zake zote zitakuwa zinasema mambo ni shwari.

Huduma moja chini ya systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux, huishi mahali patatu kwa wakati mmoja. Kwanza kuna maandishi ya kwenye diski, yaani usanidi wa programu yenyewe pamoja na faili la yuniti linaloieleza systemd namna ya kuiwasha. Pili kuna nakala ya yuniti ambayo systemd ilishaisoma na kuiweka kwenye kumbukumbu. Tatu kuna mchakato wenyewe, ambao ulisoma usanidi wake ulipowashwa na pengine haujausoma tena tangu hapo. Zana zetu hushughulika zaidi na diski. Kijani maana yake ni kwamba maandishi yanalingana na ulichoagiza, na kwamba systemd ilipoulizwa ilijibu kuwa huduma ipo. Haisemi kama mchakato unayajua maandishi hayo.

Tuanze na yuniti. Faili lililokuja na kifurushi hukaa /usr/lib/systemd/system, au /lib/systemd/system kwenye baadhi ya mifumo. Hilo usiliguse. Kifurushi kikisasishwa litaandikwa upya na marekebisho yako yatapotea. Yaweke kwenye faili la nyongeza, mathalani /etc/systemd/system/ripoti.service.d/10-mipaka.conf kwa huduma iitwayo ripoti, na humo uandike ile mistari unayoibadili tu:

[Service]
ExecStart=
ExecStart=/opt/ripoti/bin/ripoti --poti 8080
LimitNOFILE=65536

Ule mstari mtupu wa ExecStart haukuwekwa kimakosa. Ndio unaofuta amri iliyokuja na kifurushi. Bila huo systemd itahesabu amri mbili na kuikataa yuniti nzima, kwa sababu amri zaidi ya moja huruhusiwa kwa Type=oneshot peke yake, yaani huduma inayofanya kazi yake na kumaliza. LimitNOFILE nayo nimeiweka makusudi, maana bado watu wanahangaika na /etc/security/limits.conf, wanaongeza idadi ya mafaili yanayoruhusiwa kufunguliwa na huduma inaendelea kulalamika kwamba yamejaa. Faili lile husomwa na pam_limits mtu anapoingia kwenye mfumo. Huduma inayowashwa na systemd haipiti mlango huo. Ukitaka kujua mpaka halisi wa mchakato, tafuta namba yake kisha usome /proc/NAMBA/limits.

Ukishaandika faili hilo, systemd bado imeshika nakala ya zamani mpaka iamriwe systemctl daemon-reload. Kwenye Ansible ni daemon_reload: true ndani ya moduli ya systemd, na moduli haitafanya hivyo usipoiagiza. Puppet huliangalia hilo yenyewe tangu toleo la 6.1. Hata hivyo daemon-reload haiwashi upya mchakato wowote. Inasasisha kumbukumbu ya systemd tu, na mchakato utaendelea na mpaka wake wa zamani hadi uwashwe upya. Hizo ni hatua mbili, na mtu akifanya moja huamini amefanya zote.

Sasa nije kwenye kosa ninaloliona baya kuliko yote, kwa sababu linatengenezwa na maelekezo yaliyoandikwa vizuri kabisa. Kwa desturi, kiolezo cha usanidi kikibadilika kinaipa taarifa hendla, yaani kazi inayosubiri kuitwa, na hendla inawasha upya huduma. Ansible huziendesha hendla mwishoni mwa mchezo (play, yaani mfululizo wa kazi) mzima, mara moja tu, na zile tu zilizopewa taarifa. Chukua faili lenye kazi kumi. Kazi ya nne inabadilisha usanidi na kuipa taarifa hendla. Kazi ya saba inashindwa, tuseme diski imejaa na kifurushi hakisakiniki. Mchezo unakatika kwa seva hiyo na hendla haijaendeshwa. Msimamizi anasafisha diski na kurudia. Safari hii kazi ya nne inakuta faili limeshabadilika, hivyo inasema hakuna cha kufanya, na haimpi mtu taarifa. Kazi ya saba inapita. Kila kitu kijani. Mchakato unaendelea kutumia usanidi wa zamani, na utaendelea hivyo hata ukirudia maelekezo mara mia.

Wiki tatu baadaye seva inawashwa upya kwa ajili ya kerneli (kiini cha Linux) mpya, mchakato unausoma ule usanidi kwa mara ya kwanza, unakuta mstari una kosa, unakufa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Aliye zamu siku hiyo atailaumu kerneli, na atapoteza saa nzima huko.

Dawa zipo. Unaweza kuweka force_handlers: true, na hendla zilizokwisha kupewa taarifa zitaendeshwa hata kazi nyingine ikishindwa, ingawa haisaidii seva ikipotea mtandaoni katikati ya kazi. Mimi napendelea kuweka meta: flush_handlers mara tu baada ya kazi za usanidi, ili huduma iwashwe upya papo hapo na kazi zinazofuata ziikague. Kumbuka pia kwamba hendla hufuata mpangilio zilivyoandikwa kwenye faili, bila kujali ipi iliitwa kwanza. Kwa hiyo ya daemon-reload iandikwe juu ya ile ya kuwasha upya.

Wapo wanaolikwepa tatizo hili kwa kuandika state: restarted kwenye kazi ya kawaida. Hilo ni kosa la upande wa pili: huduma itakatwa kila maelekezo yanapoendeshwa, hata pasipo badiliko lolote, na waliounganishwa nayo watatupwa nje bila sababu. Tena utapoteza kipimo kizuri sana, kile cha kuendesha maelekezo mara mbili mfululizo na kutarajia changed=0, yaani hakuna kilichobadilishwa, mara ya pili.

Mahali pa tatu, yaani mchakato, ndipo penye kijani cha uongo zaidi. Yuniti isiyotaja aina huchukuliwa kuwa Type=simple, na kwa aina hiyo systemd huhesabu huduma imewaka mara tu inapozaa mchakato, kabla programu haijasoma hata mstari mmoja wa usanidi. Programu ikifa sekunde moja baadaye, Ansible imeshaondoka. Ongeza juu yake Restart=always na RestartSec=5, mistari ambayo watu huinakili bila kuipima. Mpaka wa kawaida wa systemd ni kuwasha mara 5 ndani ya sekunde 10. Ukizidi, huduma inatangazwa imeshindwa na logi inaandika kwamba maombi yamerudiwa haraka mno. Ila kwa kusubiri sekunde 5 kila mara, huwezi kufika mara 5 ndani ya sekunde 10. Huduma itakufa na kufufuka usiku kucha na haitatangazwa kamwe kuwa imeshindwa. Ukiikuta katikati ya kusubiri, hali yake husomeka activating, na moduli ya systemd ya Ansible huihesabu hali hiyo sawa na active. Kijani tena.

Basi huduma iulizwe yenyewe. Baada ya flush_handlers weka kazi inayoomba ukurasa wa afya wa programu kwa moduli ya uri, ikirudia hadi mara 10 kwa kupumzika sekunde 3, mpaka ipate jibu la 200, yaani ombi limefaulu. Kusubiri poti ifunguke kwa wait_for ni bora kuliko kutokagua kabisa, lakini poti inaweza kuwa imeshikwa na mchakato wa zamani uliogoma kufa, na pengine hiyo ndiyo sababu mpya unashindwa kuwaka. Ukurasa unaotaja toleo la programu huondoa shaka hiyo. Pia kuna systemctl show -p NRestarts ripoti. Namba hiyo ikizidi kupanda bila mtu kugusa kitu, huduma inakufa na kufufuliwa.

Kuhusu kuzuia usanidi mbovu usifike kwenye diski: moduli za template na copy zina kipengele cha validate, ambacho hupima faili la muda kabla halijachukua nafasi ya lile la kweli. Kwa sshd, mlango wa kuingilia seva kwa mbali, ni validate: /usr/sbin/sshd -t -f %s, na kwa sudoers, faili la wenye mamlaka ya msimamizi, ni visudo -cf %s. Hayo mawili sioni udhuru wa kuyaacha, maana ukikosea hapo unajifungia nje ya seva yako mwenyewe. Nginx, programu ya kuhudumia tovuti, ni tofauti. Faili la tovuti moja haliwezi kupimwa peke yake kwa sababu linategemea lile kuu linaloliita. Weka nginx -t kama kazi ya kawaida yenye changed_when: false, mara tu baada ya violezo na kabla ya flush_handlers, na iendeshwe kila safari. Ukiiweka ndani ya hendla, italalamika mara moja, na safari inayofuata hakuna atakayeipa taarifa huku faili bovu likiwa bado limekaa diskini. Na usitegemee reload, yaani kuisomesha huduma usanidi upya bila kuizima, ikulinde: baadhi ya vifurushi vya nginx hutuma tu ishara ya HUP ya kuomba usanidi usomwe upya, nginx inaukataa usanidi mbovu na kubaki na wa zamani, huku systemctl ikijibu kuwa imefaulu. Lalamiko utalikuta kwenye logi ya makosa ya nginx.

Wenye seva nyingi wasibadilishe zote kwa mpigo. Andika serial: [1, 5, "25%"]. Kundi la kwanza lina seva moja, na kundi lote likishindwa Ansible husimamisha mchezo, kwa hiyo kosa litaishia kwenye seva hiyo moja. Ongeza max_fail_percentage: 0 ili makundi makubwa nayo yasisonge mbele hata seva moja ikianguka. Hendla huendeshwa mwishoni mwa kila kundi, na ukaguzi wa uri hufanyika ndani ya kundi hilohilo.

Mambo madogo nitayapitia haraka. Kuwasha huduma sasa na kuiweka iwake yenyewe seva inapowashwa ni mambo mawili: andika state: started na enabled: true pamoja. Debian huita apache2 kile ambacho Red Hat huita httpd, na huiwasha huduma mara inaposakinishwa, wakati Red Hat haiiwashi. After= hupanga zamu tu na haiwashi kitu; kwa network-online.target andika Wants= na After= zote mbili. Ukiandika mode: 644 bila sifuri mbele wala alama za nukuu, Ansible huisoma kama namba ya kawaida, na faili linapata ruhusa 1204, ambayo inalinyima kundi haki ya kusoma, andika "0644". Kwa wa Puppet: wakala wake hurudi kila baada ya dakika 30, kwa hiyo huduma uliyoizima kwa matengenezo itawashwa mikononi mwako usipoanza na puppet agent --disable.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba makala za teknolojia zinazofundisha zana hizi zichapishwe pamoja na sehemu ya ukaguzi, hata kama ni kwa kupunguza utangulizi wa historia ya Linux. Na msomaji aliyekabidhiwa seva zilizoendeshwa na wengine kabla yake anaweza kuanza leo. Kwa kila huduma aulize systemctl show -p NeedDaemonReload -p ActiveEnterTimestamp -p NRestarts pamoja na jina la huduma, kisha stat -c %y kwa faili la usanidi. NeedDaemonReload ikijibu yes, systemd haijui kilichoandikwa diskini. Faili likiwa jipya kuliko saa ya huduma kuwaka, na hakuna reload kwenye journalctl -u tangu hapo, mchakato haujalisoma. Apime kwanza usanidi huo kwa amri ya programu husika, kisha aiwashe upya huduma mchana, watu wakiwa macho, kabla seva haijajizima yenyewe usiku.

Ni mimi msomaji wako,
Msimamizi wa seva za Linux