Barua kwa Mwalimu kuhusu kuvunja sakafu ya kuanikia mpunga

Nakuru,
mwishoni mwa Januari

Kwa Mwalimu, rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Akinyi na kwa watu wote wa nyumbani Ahero. Sisi huku Nakuru hatujambo, isipokuwa vumbi la msimu huu ambalo limetukalia kooni. Barua yako niliipata, na picha ya sakafu ya kuanikia mpunga nimeitazama kwa makini. Unaniuliza kama ukodi ile nyundo ya umeme ya kilo 30 uliyoambiwa iko Kisumu, au uwaachie vijana nyundo za mkono na mitaimbo. Jibu langu ni kwamba ukodi mashine, lakini iwe ndogo kuliko hiyo, na uikodi kwa muda mfupi kuliko ule uliopendekezewa, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo itamalizwa na mtaimbo.

Naomba nieleze sababu, maana wenye kukodisha mashine hawaielezi. Konkriti huvunjika ikipata pa kukimbilia. Ukiigandamiza ina nguvu za kushangaza, lakini ukiivuta au ukiikunja, nguvu inayobaki ni kama sehemu moja tu kwa kumi ya ile ya kwanza, na ndiyo maana wajenzi huizika vyuma ndani. Fundi anayesimama katikati ya sakafu na kuelekeza tindo, yaani kile chuma cha mbele ya mashine kinachogonga, chini anapigana na konkriti mahali ilipo na nguvu zaidi: imezungukwa pande zote, haina pa kwenda, basi tindo hutoboa tu, likasaga unga, likapata moto, na mwishowe likanasa. Fundi huyohuyo akisogea ukingoni, akaacha sentimita nane au kumi kati ya tindo na mwisho wa sakafu, pigo lilelile hubandua kipande kizima, kwa kuwa ufa umepata mahali pa kutokea.

Mashine yenyewe inafanya kazi kwa namna ambayo mwalimu wa sayansi kama wewe utaifurahia. Mota huzungusha kombo, yaani mkono wa chuma uliopinda, linaloisukuma pistoni mbele na nyuma. Pistoni haigongi chuma moja kwa moja, ila hubana hewa iliyofungiwa ndani ya silinda, na hewa hiyo ndiyo inayokirusha kipande cha chuma kizito kikagonga kitako cha tindo. Kwa hiyo nguvu ya pigo imekwisha kupangwa kiwandani, na mikono ya mtu haiwezi kuiongeza. Nimewaona vijana wengi wakiilalia mashine kwa kifua na tumbo wakidhani wanaisaidia, kumbe wanachojiongezea ni mtetemo mwilini mwao. Kinachohitajika ni kuikandamiza kiasi cha kulizuia tindo lisirukeruke, kisha kuuacha uzito wa mashine ufanye yaliyobaki. Tena ukiinua tindo kutoka kwenye konkriti, mashine nyingi huacha kupiga ingawa mota bado inanguruma. Usije ukaambiwa imeharibika ukatozwa gharama.

Kuhusu ukubwa, hiyo ya kilo 30 imekusudiwa misingi minene na barabara. Sakafu yako, kwa jinsi ulivyoipima kwenye ufa ule mkubwa, ina unene wa sentimita 10 hivi, na mashine ya kilo 15 au 16 inaitosha kabisa. Mashine za kiwango hicho hutoa pigo la karibu jouli 45, yaani sawa na kuangusha mzigo wa kilo nne na nusu kutoka urefu wa mita moja, na hupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Kumbuka pia kwamba anayevunja sakafu huinua mashine kila anapohamisha tindo, na baada ya saa moja zile kilo 15 zilizozidi zitakuwa zimemvunja mgongo bila kukuongezea hata kipande kimoja.

Sasa nikueleze utaratibu. Kabla mashine haijafika, waambie vijana wachimbe mtaro kando ya ukingo mmoja, ule wenye nyufa nyingi, mpaka uso wa chini wa sakafu uonekane, kisha waondoe udongo chini yake kwa kadiri jembe litakavyofika. Kazi hiyo haihitaji umeme wala malipo ya kukodi, nayo ndiyo itakayoamua kama siku ya mashine itakuwa nyepesi au ngumu. Wakiwa hapo, watafute bomba la maji linalotoka kwenye tangi, maana kwenye picha naona mfereji wa kuchotea maji upande wa pili wa sakafu na sioni bomba lilikopitia. Likiwa limepita chini ya konkriti, fungeni maji, na sehemu hiyo ivunjwe kwa mkono.

Mashine ikifika, tieni tindo lenye ncha. Tindo bapa lina kazi yake ya kunyoosha kingo na kubandua tabaka, lakini kwa kuvunja sakafu ncha ndiyo inayopenya na kuanzisha ufa. Paka grisi kidogo kwenye kitako cha tindo kabla ya kulichomeka, kisha livute kuhakikisha kwamba kifungio kimelishika. Fundi aanzie ukingoni au kwenye ufa uliopo, tindo likiwa wima au limeinama kidogo kuelekea ukingo, apige kwa sekunde chache, asogee kiasi cha shubiri moja, apige tena, akifuata mstari sambamba na ukingo. Mara nyingi kipande cha kwanza hakitatoka kwenye shimo la kwanza, bali ufa utayaunganisha mashimo mawili au matatu na kipande kitaanguka chenyewe mtaroni. Ikiwa tindo limezama na hakuna ufa uliotokea, maana yake ametoka mbali mno na ukingo. Arudi karibu na ukingo, apunguze tamaa. Asilizamishe hadi shingoni. Likinasa, asiipindepinde mashine huku na huku, kwa kuwa hapo ndipo matindo na vifungio huvunjika. Alifungue libaki pale, achukue tindo la pili, na avunje konkriti iliyo kando mpaka la kwanza lilegee. Kwa sababu hiyo usikubali kukodi mashine yenye tindo moja.

Baada ya mistari miwili au mitatu hivi, zimeni mashine na mchukue mitaimbo. Vijana wawili wakiingiza mitaimbo chini ya ukingo na kuuinua hata kwa sentimita tano tu, wa tatu akasukuma jiwe chini yake, sakafu itakuwa imening'inia hewani, na nyundo nzito ya mkono ikishuka juu yake konkriti itakatika kama muwa uliokunjwa gotini. Mahali sakafu ilipokwisha kuinuliwa na udongo ikaacha uwazi chini, kazi itakwenda haraka hivyohivyo. Mashine irudi pale tu ambapo sakafu imeng'ang'ania, au ambapo vipande vimekuwa vikubwa kiasi cha kutobebeka. Kwa mwendo huo naamini siku moja ya kukodi inatosha, mradi mtaro uwe umechimbwa.

Kuna jambo moja linaloweza kuharibu hesabu hii, nalo ni wavu wa vyuma. Kama aliyejenga aliweka BRC, konkriti itapasuka lakini vipande vitabaki vimeshikana. Msiupige wavu kwa tindo, kwa kuwa ncha itakufa na wavu utabaki palepale. Vunjeni ukanda mwembamba mpaka vyuma vionekane, kisha mvikate kwa mkasi mkubwa wa vyuma au kwa grainda, aliye na grainda akiwa na miwani na majani makavu yakiwa yameondolewa karibu. Ncha ikifa, mafundi wa jua kali wa Kibuye, pale Kisumu, wanaweza kuichonga upya, ila waambie wasiichome kwenye jiwe la grainda mpaka igeuke rangi ya buluu, kwani chuma kilichofikia hapo kimepoteza ugumu wake.

Umeme wa nyumbani kwako unatosha. Mashine ya wati 1,700 kwenye volti 240 huvuta ampia saba hivi, na soketi ya kawaida ya ampia 13 inabeba mzigo huo bila shida. Hata ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika, haitazidi uniti mbili za tokeni. Shida iko kwenye waya wa kuongezea. Waya mwembamba wa kuwashia taa ya sherehe hupunguza volti njiani, mota ikahangaika na kupata joto, na ukiachwa umeviringwa kwenye gurudumu lake unaweza kuyeyuka. Tafuta wenye nyuzi za milimita 2.5 za mraba, uukunjue wote, na uupitishe mahali ambapo hautakatwa na wilbaro. Mwombe fundi wa umeme athibitishe kwamba swichi ya kinga kwenye ubao wako inakata umeme unapovuja, maana mnafanya kazi juu ya ardhi yenye unyevu karibu na mashamba ya mpunga.

Nasisitiza hilo la unyevu kwa kuwa nitakuomba pia mtumie maji. Vumbi la konkriti limejaa chembe za silika kutoka kwenye mchanga na kokoto, nazo zile zinazodhuru ni ndogo hata macho hayazioni. Huingia ndani kabisa ya mapafu, huacha makovu, na ugonjwa unaotokana nazo hauna dawa ya kuuponya. Nyunyizeni sakafu kwa kopo la kumwagilia maua kila mnapoanza ukanda mpya, ilowe bila kufanya madimbwi, na kamwe msiirushie mashine maji. Barakoa za kitambaa zilizobaki tangu wakati wa korona hazifai. Nunua zile za N95, gharama yake ni ndogo kuliko ya kukodi tindo. Mpunga uliokaushwa uhamishwe mbali.

Mtetemo nao watu huupuuza kwa sababu hauumi siku hiyohiyo. Vidole hufa ganzi, hugeuka vyeupe kwenye baridi, na kwa waliofanya kazi hiyo kwa miaka ganzi hiyo haiondoki. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaweka ukomo wa mita 5 kwa sekunde ya mraba kwa siku ya kazi ya saa nane, na hesabu yake inakwenda kwa mraba: mashine inayotetema 10 inamalizia siku ya mtu kwa saa mbili, na inayotetema 20 inaimaliza kwa nusu saa. Mashine za zamani za kukodi zisizo na mpini wenye springi huwa mbaya zaidi, basi wapokezane kila baada ya dakika 15 au 20, na anayepumzika ndiye ashike mtaimbo. Masikio yazibwe, kwani kelele hupita desibeli 100, na miguuni wavae buti zenye chuma kwenye vidole, siyo kandambili ninazoziona kwenye picha yako. Usiniambie kwamba wao ni watu wa mkono na wamezoea. Siku hiyo wewe ndiye mwajiri wao, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakutambua hivyo.

Unapoichukua mashine, iwashe palepale kwa mwenyewe. Cheche nyingi za buluu zikionekana kwenye matundu ya mota, brashi za kaboni zimekwisha. Waya ukiwa umefungwa selotepu shingoni, iache.

La mwisho ni kifusi. Sakafu ya mita 6 kwa 5 yenye unene huo ni mita za ujazo 3, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya konkriti ina uzito wa kama kilo 2,400, unazungumzia tani 7 na zaidi, ambazo zikivunjwa zitaonekana kama lundo kubwa kuliko sakafu ilivyokuwa. Usilipe lori. Udongo wenu mweusi wa Kano huvimba ukinyeshewa na hujikunja ukikauka, na ndio ulioipasua sakafu hii; ukimwaga nyingine juu yake vilevile, utanialika tena kuivunja. Uchimbeni udongo huo kwa kina ambacho fundi wako atakishauri, kisha vifusi vivunjwe vifikie ukubwa wa ngumi na virudi chini kuwa hadikoo, yaani tabaka la mawe chini ya sakafu, pamoja na maramu juu yake iliyoshindiliwa barabara. Vyuma vyote vitolewe kwanza.

Kabla hujatoa pesa, chimbeni ule mtaro na upime unene mahali patatu, kwa maana sakafu nyingi za zamani zilimwagwa nene zaidi kwenye kingo. Ukikuta imezidi sentimita 15, nipigie, tuzungumze upya habari ya ile mashine kubwa.

Wako,
Barasa