Mwanangu, kabla hujatuma pesa ya chumba

Wete, Pemba
Novemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Bibi yako leo kaamka vizuri, kanywa uji wote, na kauliza kama wewe huko Dar es Salaam umekwisha kula.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Wewe na wenzako watatu, wasichana wawili na kijana mmoja, mnataka kwenda Unguja kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi wa Februari, hoteli za Mji Mkongwe hamziwezi, na umeona chumba kwenye simu, cha watu wanne, bei ya kutupa, mwenyewe anataka pesa zote leo ama atampa mtu mwingine. Nilikwambia kwa simu usitume. Sasa nakuandikia sababu, maana ulikuwa ndani ya daladala na nusu ya maneno yangu hukuyasikia.

Ile picha nimeikuza nikaitazama vizuri. Paa la makuti, mchanga mlangoni, mnazi umeinamia dirisha, na chini ameandika "hatua chache kutoka Ngome Kongwe". Mwanangu, wewe umezaliwa Unguja. Hatua chache kutoka Ngome Kongwe ni Forodhani, ni Beit al-Ajaib, ni vichochoro vya Shangani na Hurumzi, nyumba za mawe zimeegemeana ukuta kwa ukuta hata jua halifiki chini. Makuti na mchanga viko Jambiani huko, viko Nungwi, mwendo wa saa nzima kwa gari. Huyo bwana hata kama ana chumba, chumba chenyewe si hicho.

Unamkumbuka yule dada wa Mwanza? Ilikuwa 2014, siku ya kwanza ya tamasha, Magharibi imekwisha adhiniwa. Mimi natoka kumwaga maji, namkuta amekaa barazani kwetu kule Unguja, begi katikati ya miguu, simu mkononi, kila apitaye anamwonyesha picha ya chumba. Alikuwa ametuma pesa ya siku nne. Namba aliyotumia ilikuwa haipatikani tangu boti ilipoondoka Dar es Salaam. Bandarini papasi wawili, wale madalali wa wageni, walimpokea, wakamzungusha mji mzima kumtafutia nafasi, kila mahali pamejaa, na kila walipofika mlango mpya bei ilipanda kwa sababu na wao wanataka chao. Nilimwambia ingia ndani uoge kwanza. Chumba cha wageni kilikuwa na watu, akalala na wewe kitandani kwako. Asubuhi alikunywa chai bila kuinua uso, anaukatakata mkate wa boflo vipande vidogo vidogo bila kuula. Nilimuonea uchungu kama ninavyokuonea wewe. Hakuwa mjinga. Alikuwa mgeni mwenye haraka, na haraka ile alitiwa na mtu kwa makusudi.

Kwa hiyo mtu akikwambia "leo leo", mwache apate huyo mtu mwingine.

Mimi biashara hii ya kupokea wageni wa tamasha nyumbani nimeifanya miaka, unajua. Nilianza 2010, baba yako ana mwaka na kitu tangu afariki. Jirani yetu alikuwa akifanya kazi hotelini, akanijia akasema hoteli imejaa, kuna wanawake wawili kutoka Nairobi wanatafuta kwa kufikia, na wewe una chumba. Chumba kilikuwa chako. Nilikutoa ukalala ukumbini kwenye mkeka, ukanuna siku nne. Na kumbuka mwaka ule ulikuwaje: tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima haina umeme, miezi mitatu, Februari ya joto la kaskazi, maji bombani hayapandi kwa kuwa pampu hazina umeme. Tamasha likafanyika hivyo hivyo kwa majenereta. Mimi naona haya, nimewaweka watu wamelipa na sina hata feni ya kuwapepea. Asubuhi ya pili nakwenda kuteka maji, namkuta mmoja wao, yule mrefu, amejifunga kanga yangu, amesimama kwenye foleni na ndoo zetu mbili, anacheka na akina mama wa mtaa kwa Kiswahili chake cha Nairobi. Usiku walitoa godoro uani wakalala nje chini ya neti, ile ya bluu, tumeifunga kwenye kamba ya nguo. Siku ya kuondoka waliniacha na pesa tuliyopatana na kanga pea moja, na yule mrefu alikwita wewe akakushukuru kwa chumba chako. Akakushukuru wewe, mtoto wa miaka tisa. Nuno likaisha palepale.

Pesa ile ilinunua sare zako na mabati mawili ya jikoni. Ndiyo maana nasikitika nikisikia watu wanasema kufikia majumbani ni kwa wasio na uwezo. Pesa inayoingia nyumba ya mjane Ng'ambo, mitaa yetu ya nje ya Mji Mkongwe, ni muziki huo huo umefika mpaka mlango wa jikoni. Na siku tamasha lisipokuwapo, tunajua. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Nilikuwa nimekwisha kununua mashuka mapya.

Haya, sasa chumba mtakipataje.

Kwanza hakikisheni jukwaa kubwa la mwaka huo litakuwa wapi, ndipo mchague mtaa. Tangu tamasha lianze 2004, kwa miaka mingi muziki umekuwa Ngome Kongwe, na pale muziki unavuka saa sita za usiku. Daladala za saa hizo hamna. Vijana wengi wanaliwa pesa hapo. Tuseme Bububu mmepata chumba cha shilingi 30,000 na Kikwajuni mmeambiwa 50,000. Mnaona mmeokoa 20,000 kila usiku. Mchana mtapanda daladala ya 502 mje mjini vizuri tu. Usiku mtarudi na nini? Teksi, na dereva anaona wasichana wamechoka na viatu mkononi, atataja bei anayotaka. Ile 20,000 imebaki barabarani, na mimi huku Wete sipati usingizi. Tafuteni mahali pa kurudi kwa miguu, mkiwa kundi: Kikwajuni, Kisiwandui, Vikokotoni, Mchangani, Mwembetanga. Ng'ambo si mbali kama watu wa hoteli wanavyowatisha wageni. Unavuka barabara ya Darajani, umefika. Ndani ya Mji Mkongwe kwenyewe ziko familia zinapokea watu, Malindi, Mkunazini, Sokomuhogo, lakini hao wana wageni wao wa kila mwaka, wanashikiwa mapema.

Na mapema ni sasa. Krismasi ikipita, halafu sherehe za Mapinduzi tarehe 12 Januari, mtakuta vilivyobaki ni vile ambavyo wenzenu wameviona wakavikataa.

Kwa shangazi yako Mwembetanga hamtalala, nisikufiche. Wifi yako anajifungua Januari, arubaini itaangukia tamasha lenyewe, na nyumba yenye mzazi haiingizwi wageni wanne wa kurudi usiku wa manane. Lakini yeye ndiye mlango wako. Mtaa mzima anaujua, nani ana chumba, nani ana maji, nani ana mwanamume mlevi ndani. Usitafute chumba, tafuta mtu wa kukutafutia chumba. Akikwambia nyumba fulani, hiyo umepata hata dhamana, kwa sababu mwenye nyumba atakutana naye sokoni Darajani mwaka mzima.

Mkishapelekwa kwa mwenye nyumba, zungumza naye mwenyewe. Mwombe kwa adabu akupigie simu ya video, aanzie mlango wa nje, akuonyeshe mtaa, aingie mpaka chumbani. Mtazame dari: chumba kilicho chini ya bati bila dari Februari ni tanuri, hamtalala hata mkipewa bure. Uliza feni, uliza neti, uliza maji yanatoka siku gani na kama kuna tangi. Uliza choo kiko ndani au uani. Uliza chai ya asubuhi imo katika bei au mnajitegemea. Mimi 2014 nilikuwa nachukua 20,000 kwa usiku na chai ndani yake, chapati na maharage, wala sikuona vibaya mtu akiniuliza. Niliona vibaya anayefika ndipo anaanza kudai punguzo mbele ya watoto wangu.

Pesa toa kidogo ya kushikia, nyingine mkifika mkaona kitanda. Na unapotuma, lile jina linalotokea kabla hujathibitisha lisome. Umezungumza na Bi Fulani wa Kisiwandui, jina linatokea la mwanamume humjui, simama hapo hapo, mpigie uulize. Huenda ni mwanawe. Uliza tu.

Jambo jingine linalowashangaza watu wa Bara: mwenye nyumba atataka majina yenu na vitambulisho ampelekee sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Msimwone mbea. Kwetu mgeni akilala mtaani sheha anajulishwa, na siku likitokea la kutokea ni yeye atakayesimama na nyinyi. Vitambulisho mtavihitaji hata bandarini, na kwa bei ya Mtanzania ya boti na ya tiketi ya tamasha, ambayo ni ndogo kuliko ya mgeni wa nje. Asiyechukua kitambulisho ameongeza gharama ya safari yake mwenyewe.

Sasa la yule kijana mwenzenu. Simjui, na wewe nakuamini. Lakini nyumba yenye mabinti haitampokea chumba kimoja na nyinyi, wala chumba cha pili. Mkidanganya kwamba ni kaka yako, mtajulikana siku ya kwanza, na aibu itakwenda kwa shangazi yako aliyewapeleka. Mwambieni mapema, shangazi amtafutie kwa vijana wenzake, Rahaleo wapo wanaokodi vyumba pamoja. Atalala vizuri, na kwa bei nafuu kuliko nyinyi.

Mkifika, viatu nje, shikamoo kwa kila mkubwa hata kama umemwamkia asubuhi. Muulize mwenye nyumba tangu siku ya kwanza: usiku tukirudi nani anafungua? Hili nalisema kwa uchungu. Nilikuwa na wageni mwaka mmoja, watu wazuri, hawakuwa na ubaya wowote, lakini walirudi saa nane za usiku siku zote tatu na kugonga kama wanavunja. Mimi nilikuwa nakaa ukumbini macho tangu saa sita nikiwasubiri, kisha Alfajiri inaadhiniwa, kisha wewe shule. Siku ya tatu niliunguza chapati zote. Wangeniuliza ningewapa ufunguo. Kwa hiyo nyinyi ulizeni, na mkipewa ufunguo, ingieni kimya, nguo za tamasha zifunikwe na kanga kuanzia mwanzo wa mtaa. Mkinywa kitu ambacho nyumba hiyo hakiingii, mkae nje mpaka kichwa kitulie, na mtu asilete rafiki mpya mpaka mlangoni.

Mchana msikae chumbani kusubiri usiku. Urojo mle Ng'ambo kwa akina mama wa mtaani. Pale Forodhani jioni muende kutazama na kula kidogo, bei zake ni za wageni. Na mkipata siku moja, mkae na mwenye nyumba wakati anapika, mmenye vitunguu. Kuna bibi mmoja Kikwajuni, shangazi yako atakuonyesha nyumba, ukimpa nafasi atakuimbia taarab ya zamani mstari kwa mstari na kukwambia kila fumbo lilimlenga nani. Tiketi yake ni vitunguu tu.

Nimekwisha zungumza na shangazi yako. Mpigie Alhamisi baada ya Isha, asubuhi yuko sokoni hashiki simu. Mwambie mko wasichana watatu, siku nne, na mtaje kiasi mnachoweza bila kuona haya, ili asiwapeleke pasipowafaa. Mkipata nyumba nitumieni jina la mtaa na la sheha, na mimi nitampigia huyo mama mwenyewe, mzazi kwa mzazi.

Nimempa mtu wa boti kilo moja ya karafuu na chupa mbili za asali ya Pemba, zitafika kwa shangazi Jumamosi. Asali moja ni ya shangazi, nyingine ya mwenye nyumba wenu. Na ile neti ya bluu iko kwake, ndani ya sanduku la mbao chini ya mashuka. Ina tundu upande mmoja, nimelishona kwa uzi mweupe. Ichukue.

Mama yako