"Mtandao Hamna": Angalia Haya Kabla Hujanunua Rauta Nyingine

Simu za Jumatatu asubuhi hapa dukani karibu zote zinaanza hivi: "Fundi, mtandao hamna." Ukiuliza hamna vipi unaambiwa hamna tu, hamna kabisa, njoo. Sisi tunakuja, ndo kazi inayotupa ugali, ila safari nyingi za bodaboda kutoka Kariakoo mpaka Mikocheni au Tegeta zinaishia kwenye waya uliochomoka, fundi anaurudisha, dakika tano kazi imeisha, mteja anaona aibu kulipa na sisi tunaona aibu kudai. Afu kuna wale ambao hawapigi kabisa, wao wanaenda kununua rauta mpya, wanaifunga, tatizo liko palepale, ndo wanapiga, na hapo wameshakasirika.

Kwanza tuelewane hapa: mtandao wa ofisi si kitu kimoja. Kuna njia ya ndani, yaani kutoka kompyuta yako kwenda kwenye swichi (kile kiboksi cha matundu mengi kinachounganisha waya za ofisi), kwenye rauta, kwenye printa, kwenye ile mashine ya mhasibu yenye mafaili ambayo kila mtu anayafungua. Halafu kuna njia ya nje, kutoka rauta kwenda kwa kampuni inayokuuzia intaneti na kuendelea huko mbele. Njia ya nje ikiharibika unapiga simu na kusubiri. Njia ya ndani ni mali yako, na kwa tunayoyaona sisi kila wiki, ugomvi mwingi uko humo ndani, mita chache kutoka kwenye kiti ulichokalia.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujagusa chochote ni hili, ni mashine moja au ni zote? Inuka, zunguka, uliza wenzako. Kama ni moja tu, jamani msizime rauta! Hili tunalisema kila siku na kila siku linatokea, laptopu ya mapokezi imegoma, mtu anakimbia kuchomoa rauta "airistati", ofisi nzima ya watu nane inadondoka, na mhasibu alikuwa katikati ya kutuma ritani ya VAT. Mashine moja ikigoma tatizo ni la hiyo mashine, au la waya wake, au la lile tundu la swichi waya wake ulipoingia.

Tuanze na waya basi. Nyuma ya kompyuta pale unapoingia kuna vitaa viwili vidogo, kwenye mashine nyingi kimoja kinawaka tu na kingine kinapepesa. Kama vyote vimezima na mashine imewashwa, usihangaike na setingi hata moja, hakuna kitu kinachopita hapo. Shika kichwa cha waya usikilize, ukikichomeka lazima kilie "tik". Kisipolia angalia kile kijino cha plastiki cha juu, kimevunjika, na waya wenye kijino kilichovunjika unakaa vizuri mpaka mtu apitishe mguu chini ya meza, basi unarudi nyuma milimita mbili, kwa macho unaonekana umeingia lakini haujaingia. Kubadilisha kichwa ni kazi ya dakika mbili kwa mtu mwenye kifaa chake. Usifunge na selotepu, tumeshakuta mpaka zilizofungwa na raba bendi ya hela.

Kingine ni matairi ya viti. Waya umepita sakafuni, kiti kinaukanyaga kutwa, kwa nje ganda liko zima ila ndani nyuzi zimeanza kukatika. Ndani ya waya huo kuna nyuzi nane, jozi nne. Ili upate spidi ya gigabiti 1 zinatakiwa jozi zote nne ziwe hai, ukikatika uzi mmoja, ukiwa na bahati mashine inashuka yenyewe mpaka megabiti 100 na inaendelea kufanya kazi, kwa hiyo mtu hasemi mtandao hamna, anasema "mtandao mzito siku hizi", na anaanza kulaumu bando.

Wenye ofisi za ghorofani hapa mjini niwaambie na hili. Waya wa mtandao mwisho wake mita 100, baada ya hapo ni bahati nasibu. Rauta ikiwa chini kwa mlinzi na wewe uko ghorofa ya sita, ukipitisha waya kwenye korido na kona zake mita zinaisha haraka kuliko unavyodhani. Afu kuna waya wa bei chee, ambao ndani si shaba bali ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Ukitaka kuujua kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukitoa weupe chini ya wekundu basi ujue umeuziwa aluminiamu. Boksi zima la mita 305 la waya huo ni jepesi mpaka fundi anafurahi kulibeba. Kwa umbali mfupi utafanya kazi, ila uzi wake unakatika kirahisi kwenye kichwa, na ndo hizo ofisi tunazorudi kila baada ya miezi mitatu. Sisi wenyewe zamani tuliwahi kuutumia kwa sababu mteja alibana bei, tukajutia, sasa hivi tunakataa.

Haya, waya mzima, taa zinawaka, na bado hamna. Hapa ndo inabidi uangalie namba. Bonyeza kitufe cha Windows na herufi R kwa pamoja, andika cmd, gonga enta, kwenye kile kidirisha cheusi andika ipconfig, gonga enta tena. Maandishi ni mengi ila wewe tafuta mistari miwili tu, ulioandikwa IPv4 na ulioandikwa Default Gateway. Wa kwanza ndo namba ya kompyuta yako humo ndani ya ofisi, wa pili ni namba ya rauta, ndo mlango wa kutokea nje.

Ukikuta namba inayoanza na 169.254 maana yake kompyuta iliomba namba, ikasubiri, hakuna aliyeijibu, ikajipa yenyewe. Aidha waya umekatika kati, au swichi imezima (mara ngapi tumekuta swichi imechomolewa ili birika la chai lipate tundu), au rauta imeishiwa namba za kugawa. Hii ya kuishiwa inazitesa sana kliniki na saluni ambazo paswedi ya waifai imebandikwa ukutani. Rauta imepangiwa kugawa namba 100, kila simu ya mgeni inachukua moja na inaishikilia saa 24 hata kama mwenyewe keshasuka kaondoka zake, ikifika saa nane mchana namba zimekwisha na kompyuta ya keshia haipati kitu. Dawa yake ni kufupisha muda wa kushikilia namba uwe saa moja au mbili, au bora zaidi wageni wapewe waifai yao peke yake.

Sasa kuna kesi moja nataka niielezee vizuri kwa sababu imetutokea kwa sura hiyohiyo kwenye ofisi zaidi ya moja. Ofisi ya mawakala wa forodha, maeneo ya Posta, mashine 11. Malalamiko yao: asubuhi baadhi ya mashine zina intaneti, nyingine hamna, na kinachowachanganya ni kwamba aliyekuwa nayo jana leo hana, na wa leo kesho anaweza asiwe nayo. Printa inaonwa na watu wanne tu. Walishabadilisha rauta mara mbili, waliweka antivairasi mpya, mtu mmoja akawaambia ni vairasi wa kwenye flashi.

Tukakaa meza ya kwanza, ipconfig, namba 192.168.1.34, mlango 192.168.1.1, sawa, intaneti ipo. Meza ya pili, hatua mbili tu kutoka hapo, namba 192.168.0.103, mlango 192.168.0.1. Hapohapo fundi wetu akafunga laptopu yake akaanza kufuata waya, maana hilo fungu la tatu la namba, hapa 1 na kule 0, likitofautiana kwenye ofisi ndogo yenye rauta moja, ujue rauta si moja.

Kwenye swichi palikuwa na waya mmoja wa bluu hauna alama yoyote, umepanda juu ya dari, umeshukia chumba cha mikutano, nyuma ya pazia. Kuna kirauta kidogo cha antena mbili, kina vumbi la kutosha. Kumbe kijana wa mauzo alikileta kutoka nyumbani kwa nia njema tu, waifai ilikuwa haifiki kwenye mikutano, akachomeka waya wa ofisi kwenye tundu la kawaida la pembeni, yale matundu manne yaliyopangana, waifai ikawaka, kila mtu akafurahi. Ambacho hakujua ni kwamba kirauta hicho nacho kilianza kugawa namba kwa ofisi nzima. Ni kama mtaa mmoja una wajumbe wawili na kila mmoja anagawa namba za nyumba kivyake, kompyuta ikiwaka inauliza "nani ananipa namba?" na anayewahi kujibu ndo anasikilizwa. Aliyejibiwa na rauta ya kweli anapita. Aliyejibiwa na kirauta cha pazia anaelekezwa mlango ambao nyuma yake hakuna kitu.

Hatukukitoa, maana kazi yake ya waifai ilikuwa inahitajika kweli. Tulikipa namba ya mtaa wa ofisi ambayo rauta kubwa haigawi, 192.168.1.2, tukazima kugawa namba kwake, hiyo sehemu kwenye setingi inaitwa DHCP, tukaacha waya palepale kwenye tundu la pembeni, kikabaki kusambaza waifai tu. Kila mashine tukaandika ipconfig /release (achia namba ya zamani) halafu ipconfig /renew (omba mpya). Dakika 20 hivi. Bosi akamwangalia yule kijana, kijana akaangalia dari.

Inayofanana nayo kwa uharibifu, ila hii ni ya ghafla, ni waya mmoja ncha zote mbili zimeingia kwenye swichi ileile. Mtu anasafisha, anaona ncha inaning'inia, anaona aisaidie, anaichomeka. Swichi hizi za bei ya kawaida hazina akili ya kugundua, ujumbe unazunguka humo bila kutoka, taa zote zinapepesa kwa pamoja kama disko na ofisi nzima inasimama. Ukiona taa zinapepesa hivyo chomoa waya mmoja mmoja huku unaangalia, ule ambao ukiutoa taa zinatulia ndo huo.

Mengine niyapitie haraka. Ukiandika ping 8.8.8.8 kwenye kile kidirisha cheusi (ni kama kubisha hodi kwenye namba ya Google huko nje) na majibu yanarudi lakini brauza haifungui tovuti hata moja, intaneti unayo, kilichokufa ni ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, inaitwa DNS, weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1 kwenye setingi ya DNS uendelee na kazi. Kompyuta ya zamani ambayo kila umeme ukikatika inarudisha tarehe nyuma miaka kadhaa, hiyo betri yake ya ndani imekufa, ile ya duara kama sarafu inaitwa CR2032, na tarehe ikiwa ya uongo brauza inazikataa tovuti kibao ikidai si salama, mtu anasema mtandao mbovu kumbe ni betri ya bei ya chipsi mayai. Printa inayosema "offline" baada ya umeme kurudi mara nyingi imepewa namba mpya na kompyuta bado zinaitafuta kwenye namba ya zamani, dawa ni kuifungia namba moja kwenye rauta isibadilike, tunalifanya kwa kila ofisi tunayofunga hata kama hujaomba. Na umeme ukirudi usiwashe vyote kwa mkupuo, anza na kile kiboksi cha faiba, subiri dakika tatu taa zitulie, ndo rauta, ndo swichi, mashine mwisho.

Waifai nayo, kwenye jengo la ofisi 30 kila mtu ana rauta yake, zinagombania mawimbi yaleyale ya gigahezi 2.4. Humo chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11, chagua yenye watu wachache. Waifai ya gigahezi 5 ina kasi zaidi na nafasi zaidi ila ukuta wa tofali inauogopa, kwa hiyo ni nzuri kama uko chumba kimoja na rauta.

Na kuna siku tatizo si lako kweli. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kule upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na kesho yake simu yetu haikupumzika, kila mtu anataka fundi. Siku kama hiyo dalili ni kwamba ndani kila kitu kiko sawa, unapiga ping kwenye namba ya rauta yako inajibu vizuri, printa inatoa karatasi, mafaili ya mhasibu yanafunguka, ila ukitoka nje ndo mateso. Ukiona hivyo usitulipe nauli, tutakachofanya ni kukaa na wewe kunywa chai.

Zaidi ya hapo tuite. Ila kabla hatujapanda boda tutumie picha tatu kwa WhatsApp: ya kidirisha cheusi chenye ipconfig kutoka mashine inayogoma, ya kidirisha hichohicho kutoka mashine inayofanya kazi, na ya swichi taa zake zikionekana. Na kama nyuma ya pazia au juu ya kabati kuna kiboksi chenye antena ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi, usikichomoe, kipige picha kwa nyuma matundu yote yaonekane, pamoja na waya wake umeingia lipi.