Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Dodoma

Ndugu wanachama, wajumbe wa Kamati Tendaji na wageni waalikwa, karibuni sana.

Mengi ya mwaka huu yamo kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni, na sioni sababu ya kuwasomea karatasi mlizonazo mkononi. Kamati Tendaji ilikutana kama katiba inavyotaka. Habari za wanachama wapya ataeleza Katibu. Hesabu ataziwasilisha Mhazini, pamoja na orodha ya wanaodaiwa ada, ambayo nimemsihi asiisome kwa sauti. Muda wangu nautumia kwa jambo lililokula nguvu zetu karibu zote: mkutano wa kisayansi wa kanda wa bayoinfomatiki na baiolojia ya kikokotozi, yaani fani ya kuchambua data za viumbe hai kwa kompyuta, ambao mwaka huu sisi ndio tuliokuwa wenyeji wake.

Fani hii si ngeni barani kwetu. Mkutano wa Afrika nzima ulifanyika Bamako mwaka 2009, ukaenda Cape Town 2011, Casablanca 2013, na mwezi Machi 2015 ukafika Dar es Salaam. Wapo humu ndani waliohudhuria ule wa Dar es Salaam wakiwa bado wanafunzi. Kwa hiyo tulipoomba uenyeji, wenzetu wa kanda hawakuhoji kama Watanzania tunaweza. Walihoji kwa nini Dodoma. Tuliwajibu kwamba maswali ambayo fani yetu inajigamba kuyatatua yamelala hapa: zizini, shambani na ghalani. Nikiri pia kwamba treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, ilishawishi watu wengi kuliko barua zangu zote.

Mada za homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbu na kuwapata watu pia, ndizo zilizojaza ukumbi. Wenyeji wa mkoa huu hawahitaji kukumbushwa mlipuko wa 2006 na 2007. Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi nchini; mifugo ilitupa mimba na kufa, watu nao walikufa, na mabucha yakakosa wateja. Virusi vya ugonjwa huu vilitambuliwa Kenya mwaka 1931, na tabia yake inajulikana: mayai ya mbu wa jamii ya Aedes hukaa kwenye udongo mkavu wa mabonde kwa miaka, mengine yakiwa tayari yamebeba virusi, hadi mvua kubwa kama zile za El Niño zijaze mabonde maji.

Lakini nataka mwone upande unaotuhusu sisi. Jenomu, yaani maandishi yote ya urithi ya kiumbe, kwa binadamu ina herufi zipatazo bilioni tatu. Ya mtama ni kama milioni 730. Ya virusi vya homa ya Bonde la Ufa ni herufi 12,000 hivi, basi. Kazi ya kulinganisha virusi vya mlipuko mmoja na mwingine inaingia kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, kwa programu huria zisizolipiwa hata senti. Ugumu wake uko kwingine. Jenomu hiyo imekatika vipande vitatu, na aina mbili za virusi zikikutana ndani ya mnyama au mbu mmoja zinaweza kubadilishana vipande. Kwa hiyo anayechora mti wa ukoo wa virusi hivi hana budi kuchora mitatu, kila kipande na wake, kisha atazame kama miti hiyo inakubaliana. Hapo ndipo panapohitaji mtu aliyefundishwa. Mashine kubwa haiongezi kitu.

Somo hili hatukulipata kwenye hotuba za ukumbini. Tulilipata kwenye mafunzo kwa vitendo yaliyotangulia mkutano, ambayo baadhi yetu tulikuwa tunayaona kama nyongeza ya kujazia ratiba. Data zote zilikuwa zimepakuliwa mapema na kuwekwa kwenye seva ndogo mle darasani, kwa hiyo mtandao ulipokatika, na ulikatika, hakuna aliyesimamisha kazi. Tuliwakalisha meza moja wahitimu wa kompyuta na maofisa mifugo wa wilaya. Vijana walikuwa wanaandika amri kwa kasi ya kutisha. Ofisa mifugo mmoja akawauliza swali dogo: hii sampuli ilichukuliwa wapi? Wakafungua rekodi. Imeandikwa Tanzania. Akasema, "Tanzania ni kubwa, jamani. Ni Kongwa au ni Ngorongoro? Ni mwezi gani? Ni mbuzi au ni ng'ombe?" Kimya. Kuanzia hapo mafunzo yalibadilika, na jioni yake mjadala ulikuwa juu ya fomu ya kuchukulia sampuli. Kwa maoni yangu ile ndiyo saa yenye tija kuliko zote za mkutano mzima, na haikuwa kwenye ratiba.

Sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu wanaoota kwenye nafaka, nayo ilipewa nafasi yake. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na yeyote aliyewahi kupita soko la Kibaigwa msimu wa mavuno anajua ni nafaka kiasi gani inapita mikononi mwa watu kabla ya kufika mezani. Kuvu anayeitoa, Aspergillus flavus, ana jeni za kutengenezea sumu zilizojipanga pamoja, zaidi ya 20, kwenye eneo moja la jenomu. Wapo kuvu wa jamii hiyohiyo ambao wamepoteza jeni hizo au zimeharibika, na hao ndio wanaozalishwa na kumwagwa shambani ili wawasukume wenzao wenye sumu. Aflasafe, dawa ya shambani ya kuzuia sumukuvu, inafanya kazi hivyo. Kumpata kuvu wa kufaa kwa udongo wetu kunataka kusoma jenomu za kuvu waliotoka kwenye udongo wetu, na hiyo pia si kazi ya kuagiza nje.

Mtama na zabibu nitavipitia haraka. Jenomu ya mtama ilichapishwa mwaka 2009, ya mzabibu 2007, na vyote viwili ni mazao ya hapa. Kilichowafurahisha wakulima wachache tuliowaalika ni habari ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao: mtama ambao jeni yake iitwayo LGS1 imepotea hutoa kemikali tofauti mizizini, na mbegu nyingi za kiduha zinabaki zimelala. Mkulima mmoja alitaka kujua mbegu hiyo inauzwa duka gani. Hakupata jibu zuri.

Kikao kilichokuwa na ubishi mkali kilihusu data za binadamu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za kijenetiki katika kundi la taarifa nyeti. Wapo watafiti wanaodhani kwamba wakishapata kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) wamemaliza. Hawajamaliza. Nimeiomba Kamati Tendaji iandae mwongozo mfupi kwa Kiswahili, kurasa chache, wanasheria wasitutungie kitabu.

Kuhusu uendeshaji: ukumbi tuliopangisha ulikuwa na jenereta iliyowaka ilipopenda, na mabango ya utafiti ya wanafunzi yalibandikwa koridoni, mahali ambapo watu walikuwa wanapita kwenda kwenye chai. Hilo lisirudiwe, kwa sababu mabango yalikuwa bora kuliko baadhi ya mada za ukumbini. Posho ililalamikiwa, kama kawaida. Chama hakikulipa posho za washiriki na sitapendekeza kilipe.

Sasa niingie kwenye jambo ninaloomba mliamue leo. Kumetolewa hoja kwamba michango iliyobaki, pamoja na ile tuliyoahidiwa, inunulie chama seva kubwa, yaani kompyuta kuu ya kuhifadhi na kuchakata data. Nawaheshimu waliotoa hoja, na najua wanaijua kazi. Mimi naipinga. Tuko umbali mfupi kutoka Kongwa, ambako mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kwa mamia kuja kulima karanga kabla ya kuuliza vizuri habari za mvua na udongo; kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Seva kubwa inataka umeme usioyumba, chumba chenye ubaridi, mtu wa kuilea kila siku na vipuri. Hivyo vyote hatuna, na kazi tulizoziona mwaka huu hazijafikia kuidai.

Ninapendekeza mkutano wa kanda tuwe wenyeji wake kila baada ya mwaka mmoja wa kupumzika, si kila mwaka, na mwaka wa katikati fedha ziende kwenye mafunzo. Mfano tunao. H3ABioNet, mtandao wa bayoinfomatiki wa Afrika ulioanza 2012 ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Cape Town, uliendesha mwaka 2016 kozi ya awali iliyosomwa kwa wakati mmoja katika nchi 10 za Afrika: mhadhara unatoka mbali, lakini kila darasa lina wasaidizi wake wanaokaa na wanafunzi. Sisi tunaweza kuwa na madarasa ya namna hiyo Dodoma, Mpwapwa na Singida, kila darasa likiwa na seva ndogo kama ile tuliyoitumia, data zikiwa zimeshapakuliwa, na kila meza ikiwa na mtu wa kompyuta na mtu wa shambani au wa mifugo. Asiyetaka kukaa na ofisa mifugo asijiandikishe.

Azimio limeandikwa ukurasa wa mwisho wa kabrasha, pamoja na hoja ya seva, ili mpigie kura zote mbili kwa haki. Katibu atahakiki akidi kwanza. Wenye madeni ya ada wanaruhusiwa kulipa kwa Mhazini sasa hivi, kabla ya kura, na risiti zipo.

Naomba kuwasilisha.