Mmewataja wote wa Genesis, Zawose mmemwacha

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu wanamuziki waliotoka katika bendi ya roki ya Genesis ya Uingereza imenifurahisha, kwa kuwa hata huku Dodoma tupo wazee tuliozeeka na kanda za Phil Collins. Ila mwandishi wenu amewapanga wale watu kwa mauzo ya santuri, kama dalali wa mahindi pale Kibaigwa: mwenye magunia mengi mbele, mwenye machache nyuma. Na kwa kupanga hivyo akamwacha mwanamuziki wetu wa Kigogo, Hukwe Zawose.

Kwa mizani hiyo Collins hana mpinzani, sibishi. Alianza kutoa albamu zake mwenyewe mwaka 1981, na ile ya 1985 ikampatia tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka. Julai 13 ya mwaka huohuo wa 1985 aliimba kwenye tamasha la Live Aid mjini London, akapanda ndege ya Concorde, akaimba tena Philadelphia siku ileile. Mike Rutherford aliunda Mike + The Mechanics bila hata kuhama bendi yake. Steve Hackett aliondoka na gitaa lake 1977 akaendelea kivyake. Tony Banks wa kinanda, masikini, hakubahatika kupata wimbo mkubwa wa peke yake, ingawa kwangu mimi yeye ndiye aliyekuwa nguzo ya sauti ya Genesis.

Ugomvi wangu na mwandishi ni juu ya Peter Gabriel, aliyepewa aya moja fupi. Huyu ndiye aliyekuwa mwimbaji wao tangu walipokuwa wanafunzi, akaondoka 1975, na wengi wakadhani bendi imekwisha. Haikuisha. Mwaka 1986 wimbo wake wa Sledgehammer uliuondoa Invisible Touch wa Genesis kwenye nafasi ya kwanza ya chati ya Marekani. Mwandishi amelisimulia hilo vizuri, na akaishia hapo. Yaliyo makubwa zaidi yalitokea miaka minne kabla.

Mwaka 1982 Gabriel na wenzake walianzisha tamasha la WOMAD, la kukutanisha wanamuziki wa dunia nzima kwenye jukwaa moja. Tamasha la kwanza, kule Shepton Mallet, lilifana kwa muziki na likafa kwa hesabu. Madeni yakamwelemea Gabriel. Waliomwokoa ni akina Collins, Banks na Rutherford, watu aliowaacha miaka saba nyuma. Oktoba 2 walipanda naye jukwaani Milton Keynes, Hackett akajiunga mwishoni, mvua ikinyesha, ili kilichopatikana kilipe madeni. Kwa hiyo WOMAD ikaishi. Mwaka 1989 ikafuata Real World, lebo ya Gabriel ya kutoa santuri, na mwaka huohuo lebo hiyo ikatoa albamu ya Remmy Ongala wetu na bendi yake ya Super Matimila, Remmy ambaye naye alishahama kutoka bendi ya Orchestra Makassy. Mimi jioni ile ya mvua naiweka juu ya Grammy ya Collins.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1996 Real World ilitoa Chibite, albamu ya Hukwe Zawose na Charles Zawose. Mgogo wetu, na ilimba yake (ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba), na zeze lake, na ile sauti inayopanda hadi ukadhani kuna mwanamke anaimba nyuma ya pazia. Mwaka 2002 ikafuata Assembly, aliyoifanya na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada, na mwaka huo Hukwe na Charles wakafuatana na Gabriel kwenye ziara yake ya Amerika Kaskazini. Hukwe alifariki mwaka 2003. Gazeti linalosomwa Dodoma linawezaje kumwandika Peter Gabriel bila kulitaja jina hili?

Nisieleweke vibaya. Gabriel hakumwibua Zawose. Mwalimu Nyerere alishamsikia na kumwita Dar es Salaam zamani, na vijana wengi wamefundishwa naye Bagamoyo kabla Real World haijazaliwa. Gabriel alimfungulia jukwaa, na hilo halisomeki kwenye hesabu za mauzo.

Tena habari haijaisha. Mwaka 2024 lebo hiyohiyo ilitoa Maisha, albamu ya Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, wanaojiita The Zawose Queens. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo ule waliitikia nyuma ya wanaume. Sasa wanaongoza wao. Mwandishi wenu ametumia nusu ukurasa kushangaa jinsi Collins alivyotoka nyuma ya dramsi akashika maikrofoni. Hawa nao angewapa japo robo.

Ninachoomba, Mhariri, ni makala ya pili. Mtumeni huyo kijana Chamwino wakati wa tamasha la muziki wa Cigogo, akasikilize muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, kabla hajaandika neno. Kisha ateremke Bagamoyo akazungumze na familia. Redio za hapa mjini nazo, zinazotupigia Collins kila Jumapili usiku (na tunashukuru), zina nafasi ya kuchomeka Chibite katikati bila msikilizaji kuzima.

Na kuna sahihisho dogo: makala ilisema Collins aliletwa kuziba pengo la Gabriel. Siyo. Alikuwa mpiga dramsi wa Genesis tangu 1970, na kabla ya kumpa kipaza sauti wenzake walijaribu waimbaji wengine kadhaa.

Msomaji wenu,
Chang'ombe, Dodoma