Barabara ya Manono isingoje mgodi

Mheshimiwa Mhariri,

Siku hizi Manono, mji wa jimbo la Tanganyika hapa Kongo, inatajwa kila mahali hapa Lubumbashi kwa sababu ya litiamu, madini ya kutengenezea betri. Mimi niliyefundisha shule huko kabla ya kuhamia mjini hapa naomba nafasi nieleze maisha ya watu wanaokaa juu ya madini hayo, kwa maana hao hawasikiki katika mazungumzo yetu.

Mtu anayetoka Lubumbashi hupokewa kwanza na joto, kwa kuwa Manono iko chini yetu kwa zaidi ya mita 500, na baridi tunayoijua asubuhi za Juni huko haipo. Joto huzoeleka. Majira ya mvua ndiyo yasiyozoeleka: kuanzia Novemba hadi Aprili barabara inayotoka Likasi kupitia Mitwaba hugeuka tope, malori hukwama kwa majuma, na chumvi, sabuni, dawa na madaftari hupanda bei au hukosekana kabisa. Wanaoulisha mji wakati huo ni vijana wanaosukuma baiskeli zilizosheheni magunia na madumu ya mawese, wakilala njiani. Sijaona watu wanaostahili heshima kuwapita.

Manono haikuwa hivi tangu mwanzo. Wakati wa ukoloni kampuni ya Géomines ilichimba bati hapo, na umeme wa bwawa la Piana Mwanga, kwenye mto Luvua, uliendesha mitambo yake. Vita vya mwishoni mwa miaka ya 1990 viliuacha mji gizani kwa muda mrefu, na mtambo wa umeme wa jua wa megawati 1 uliozinduliwa mwaka 2018, ingawa ni faraja kubwa, hautoshi nyumba zote.

Linaloniuma zaidi ni mahindi. Ardhi ya kule ina rutuba, na mkulima huvuna, akajaza ghala, akakaa kumngoja mnunuzi mwenye gari. Asipofika, fukusi huanza kazi yao, au mkulima huuza kwa bei yoyote atakayotajiwa ili alipe karo ya watoto. Nasi huku tunasonga bukari, yaani ugali, kwa unga ambao sehemu yake kubwa hutegemea mahindi ya Zambia yanayopita mpakani Kasumbalesa, na kila Zambia inapoyazuia, akina mama wa Kamalondo na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, huona bei ikipanda sokoni.

Wako wanaosema tuvumilie, barabara italetwa na mgodi wa litiamu. Sikubaliani nao hata kidogo. Barabara ya mgodi hufuata njia ya madini, na madini ya Manono yanaweza kuelekea Kalemie na kuvuka ziwa Tanganyika bila kuigusa Mitwaba. Mkulima anahitaji njia ya kumfikisha kwa walaji wake, na walaji hao ni sisi.

Nawasihi wabunge wa Haut-Katanga na wa Tanganyika waitetee barabara hii pamoja, kwa maana inapita majimbo yote mawili, na madaraja na mifereji ya maji itengenezwe wakati wa kiangazi, kabla mvua haijarudi. Nawe, Mheshimiwa Mhariri, mtume mwandishi wako Manono mwezi wa Februari, apitie Mitwaba, asipande ndege, kisha utuchapishie bei atakazozikuta sokoni.

Wako mtiifu,
Mwalimu, Kamalondo, Lubumbashi